Maji ya Bombomu: Habari za Kupoza Mtutu wa Bunduki

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za jambo ambalo wengi wameliona wala hawakulifikiri, nalo ni joto la mtutu wa bunduki. Kila mwindaji, na kila mtu aliyepata kuwa askari, ajua ya kuwa bunduki ikipigwa mara nyingi mfululizo hupata moto hata haishikiki. Lakini si kila mtu ajuaye kwamba joto hilo ndilo linaloiua bunduki kabla ya wakati wake, wala si kila mtu ajuaye jinsi mafundi walivyohangaika miaka mingi kulitafutia dawa. Tena habari hizi si za mafundi wa Ulaya peke yao. Zimepita katika nchi zetu za Afrika, na watu wetu walilipa sehemu kubwa ya gharama yake, wengine kwa mabega yao, na wengine kwa damu yao.

1. Kwa nini mtutu huchakaa

Kwanza na tuutazame mtutu wenyewe. Mtutu, au kasiba kama wengine wauitavyo, ni mwanzi wa chuma. Ndani yake, katika bunduki za siku hizi, mna mifereji myembamba iliyozunguka kama kamba iliyosokotwa. Kazi ya mifereji hiyo ni kuizungusha risasi inapotoka. Mmeona pia ya watoto: ikizunguka husimama wima, ikiacha kuzunguka huanguka. Risasi nayo ni vivyo hivyo. Ikizunguka vizuri huenda moja kwa moja mpaka shabaha. Isipozunguka hupinduka-pinduka hewani na kwenda itakako.

Basi baruti ikiwaka ndani ya mtutu, hugeuka mara moja kuwa moshi wenye nguvu na joto kubwa mno, kupita joto linaloyeyusha chuma. Mtu aweza kuuliza, Mbona mtutu hauyeyuki? Sababu ni hii: moto ule hukaa ndani kwa muda mfupi sana, kadiri ya sehemu moja au mbili za elfu za sekunde. Ni kama mtu apitishaye kidole chake upesi juu ya mwali wa taa. Akipitisha mara moja haungui. Akipitisha mara hamsini pasipo kupumzika, ataungua, ingawa mwali ni ule ule na kidole ni kile kile. Risasi moja hupasha ngozi ya ndani ya mtutu tu. Kisha joto husambaa katika chuma chote na kutoka polepole hewani. Lakini ikifuata risasi ya pili, na ya tatu, na ya kumi, kabla joto la kwanza halijatoka, joto hulundikana juu ya joto, na chuma hulegea.

Mahali paumiapo kwanza ni pale mbele ya kiasi, mahali ambapo risasi huingia katika mifereji. Mafundi hupaita koo la mtutu. Ukipata kioo cha kukuzia vitu, ukatazama koo la mtutu uliochoka, utaona nyufa nyingi ndogo zilizokatana, kama matope ya bwawa lililokauka kiangazi. Moshi wa moto hupita katika nyufa zile, huzipanua, na kuchukua vipande vidogo vya chuma kila mara. Hatimaye mifereji huliwa, risasi haishikwi tena, na shabaha hupotea. Bunduki ya namna hiyo hulia kama zamani, lakini ni kelele tupu.

Kuna madhara mengine mawili. La kwanza, mtutu uliopata moto hauwi moto sawasawa pande zote, kwa hiyo hupinda kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho, nayo risasi hukosa. Tena hewa iliyo juu yake hucheza-cheza kama hewa ya barabarani wakati wa adhuhuri, na mpiga bunduki haoni vema alama yake. La pili ni la hatari zaidi: mtutu ukizidi kuwa moto, kiasi kilichotiwa ndani yake huweza kuwaka chenyewe, pasipo mtu kuvuta mtambo. Watu wamekufa kwa sababu hiyo.

2. Siku za mrao na gumegume

Bunduki za kwanza zilizofika pwani yetu hazikuwa na taabu hii kwa wingi. Bunduki ya mrao, na baadaye gumegume, na baadaye gobori ya fataki, zote zilishindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni. Mtu alitia baruti, akatia kitambaa, akatia popoo, akashindilia, akaweka fataki yake, ndipo akapiga. Alipokuwa akifanya kazi hiyo yote, mtutu ulipata nafasi ya kupoa. Pole yake ndiyo iliyokuwa dawa yake.

Adui wa bunduki hizo alikuwa uchafu zaidi kuliko joto. Baruti nyeusi huacha masizi mengi, na masizi hayo huvuta unyevu na kuleta kutu. Lakini katika mizinga watu walijifunza mapema habari za moto. Baada ya kila mshindo, mtu mmoja aliingiza katika mzinga mti mrefu wenye ngozi ya kondoo au sifongo iliyoloweshwa maji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzima makaa yaliyobaki, yasije yakawasha baruti mpya mikononi mwa mtu anayeshindilia. Aliyesahau ndoo ya maji aliweza kupoteza mikono yake. Basi tangu zamani maji na baruti, vitu viwili visivyopendana, vilikaa pamoja kando ya mzinga.

3. Baruti mpya na mtutu wa Metford

Mambo yaligeuka mwaka wa 1884, Mfaransa Paul Vieille alipofanya baruti isiyotoa moshi mwingi. Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa 1889, Waingereza wawili wenye elimu, Abel na Dewar, walifanya baruti ya namna yao, iliyofanana na nyuzi, ikaitwa kodaiti. Baruti hizi zilikuwa na nguvu kupita ile nyeusi, wala hazikumfunika askari kwa wingu la moshi. Watu wakafurahi. Walakini hakuna faida isiyo na gharama.

Wakati huo jeshi la Uingereza lilikuwa limekwisha chagua, mwaka wa 1888, bunduki iliyoitwa Lee-Metford. Lee ndiye aliyebuni mtambo wake, na Metford ndiye aliyebuni mifereji ya mtutu wake. Metford alikuwa fundi mwenye akili sana. Alijua kwamba baruti nyeusi huacha masizi katika pembe za mifereji, basi aliifanya mifereji yake kuwa ya kina kifupi, na pembe zake akaziviringisha, ili masizi yasipate pa kukaa. Kwa baruti nyeusi kazi yake ilikuwa njema kabisa.

Ndipo ilipokuja kodaiti. Moto wake ulikuwa mkali mno, na mifereji ile mifupi ikaliwa upesi. Mitutu iliyotazamiwa kudumu miaka mingi ikachoka baada ya kupigwa risasi elfu chache tu. Mwaka wa 1895 ikawa lazima kubadili. Katika kiwanda cha serikali huko Enfield, karibu na London, ilifanywa mitutu yenye mifereji mitano yenye kina zaidi na pembe zilizokatwa sawasawa, nayo ikastahimili vizuri zaidi. Hivyo ilizaliwa bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wengi wa Afrika ya Mashariki waliichukua begani baadaye.

Hata hivyo hawakukoma hapo. Walitazama pia baruti yenyewe. Kodaiti ya kwanza ilikuwa na sehemu 58 katika mia za naitrogliserini, nayo ndiyo iliyozidisha ukali wa moto. Mwanzoni mwa karne ya ishirini waliipunguza hata ikawa sehemu 30 katika mia, wakaongeza pamba iliyotiwa dawa, na moto ukapungua ukali. Angalieni jambo hili, enyi wanafunzi. Metford hakukosa, ila kitu kilichofaa sana kwa mambo ya jana kilikutana na mambo ya leo. Mwenye hekima hutazama pande zote mbili: hukiimarisha chombo, tena huupunguza moto.

4. Mtutu mmoja au mingi?

Watu walipotaka bunduki ipigayo mfululizo, taabu ya joto iliongezeka mara nyingi. Mmarekani mmoja, Richard Gatling, mwaka wa 1862 alipata dawa nyepesi kufahamika. Alifunga mitutu sita pamoja kama fungu la miwa, ikazungushwa kwa mkono. Kila mtutu ulipiga mara moja tu katika kila mzunguko, kisha ukapumzika mitano mingine ilipokuwa ikifanya kazi. Ni kama wapagazi sita wapokezanao mzigo mmoja. Lakini bunduki ile ilikuwa nzito, ikakokotwa kwa magurudumu kama mzinga.

Kisha akaja Hiram Maxim, aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1840, akahamia London. Mwaka wa 1884 alifanya bunduki yenye mtutu mmoja tu, iliyotumia nguvu ya kurudi nyuma kwake yenyewe kujitia kiasi kingine. Mtu alipoushika mtambo, bunduki iliendelea kupiga kadiri ya risasi 600 kwa dakika moja. Askari wetu, wakisikia sauti yake, waliiita bombomu.

Mtutu mmoja ungewezaje kustahimili moto huo? Maxim aliuvika mtutu koti la chuma, yaani bomba pana kuuzunguka, na katikati ya koti na mtutu akatia maji. Bombomu ya Vickers, iliyotokana na ile ya Maxim na kuingia katika jeshi la Uingereza mwaka wa 1912, ilichukua kadiri ya lita 4 za maji.

Sababu ya maji kufaa hivyo yajulikana na kila mama jikoni, ingawa pengine hakuifikiri. Chungu chenye maji hukaa motoni mchana kutwa pasipo kuharibika, maana maji yanayochemka hayapandi tena joto. Hukaa pale pale mpaka yote yageuke mvuke. Lakini maji yakikauka, chungu hupasuka. Tena kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke kwataka joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapandisha kutoka ubaridi wa barafu mpaka kuchemka. Kwa hiyo maji machache hunywa joto jingi. Vickers ikipigwa kwa haraka, maji yake yalianza kuchemka baada ya risasi 600 hivi. Tangu hapo mvuke ulitoka, na mtutu ulihifadhiwa kwa muda wote maji yalipokuwamo.

Lakini mvuke mweupe huonekana kutoka mbali, na adui akiuona hujua mahali bombomu ilipo. Basi waliweka mpira mrefu ulioupeleka mvuke katika debe lenye maji kidogo, na humo ukapoa ukawa maji tena. Maji yale yakarudishwa katika koti. Hivyo walipata faida mbili: kujificha, na kutopoteza maji. Na pamoja na matunzo hayo yote, mtutu wa Vickers ulibadilishwa kila baada ya risasi 10,000 hivi. Maji huuongeza umri wa mtutu. Hayaupi uzima wa milele.

5. Bombomu yaingia Afrika

Bombomu ya Maxim iliingia bara la Afrika mapema sana. Mwaka wa 1887 Stanley aliposafiri kumtafuta Emin Pasha, Maxim mwenyewe alimpa moja. Watu mia sita na zaidi waliandikwa Unguja kwa safari hiyo, nao ndio waliochukua mizigo yake katika misitu ya Kongo, na bombomu ile ilikuwa mmoja wa mizigo.

Lakini siku iliyoonyesha nguvu ya chombo hiki na udhaifu wake pia ni tarehe 2 Septemba mwaka wa 1898, huko Omdurman katika Sudani. Jeshi la Khalifa Abdallahi, watu wapatao 50,000, lilitoka asubuhi kulishambulia jeshi la Waingereza na Wamisri lililoongozwa na Kitchener kando ya mto Nile. Winston Churchill, aliyekuwa kijana katika kikosi cha wapanda farasi, aliyaona mambo ya siku ile akayaandika kitabuni. Asimulia kwamba bunduki za askari zilipata moto hata ikawa lazima wazibadilishe kwa bunduki za wenzao waliokuwa nyuma. Nazo bombomu ziliyamaliza maji yote yaliyokuwa katika makoti yake, na baadhi yake zikanyweshwa kwa vibuyu vya maji vya askari wa Kiskoti wa kikosi cha Cameron, ndipo zikaendelea na kazi yake ya kuua.

Ebu tuyafikiri maneno hayo. Katika nchi ya jua kali, maji ya kunywa ya watu yalimwagwa kuinywesha bunduki. Siku ile kadiri ya watu 10,000 wa Khalifa walikufa, na katika jeshi la Kitchener hawakufika 50. Wale waliokufa hawakupungukiwa ushujaa. Aliyeandika habari zao mwenyewe aliwasifu. Walipungukiwa vyombo, na elimu ya vyombo hivyo ilikuwa mikononi mwa wengine.

6. Maji mawili

Miaka saba baadaye jambo kama hilo lilitokea katika nchi yetu. Mwezi wa Julai mwaka wa 1905, watu wa milima ya Umatumbi waliinuka juu ya serikali ya Wajerumani, kwa sababu ya kazi ya nguvu ya mashamba ya pamba, na kodi, na mapigo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji, akisema kwamba risasi za adui zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti, lakini habari za maji zilikuwa zimekwisha kuenea.

Tarehe 30 Agosti mwaka ule watu kwa maelfu, Wapogoro na Wambunga, waliiendea boma ya Mahenge. Ndani ya boma mlikuwa na bombomu mbili. Watu wakaja mbele, wakaanguka, wengine wakaja tena nyuma yao. Mwisho walirudi nyuma, na wengi wakabaki pale chini.

Yafaa tuseme neno hili kwa heshima, maana waliokufa ni babu zetu. Siku ile palikuwa na maji mawili. Maji ya kwanza yalikuwa miilini mwa watu, nayo yaliwatia moyo na kuwaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla ya hapo hawakuwa na neno moja. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, wala tusiidharau. Lakini hayakuweza kugeuza risasi. Maji ya pili yalikuwa ndani ya koti la bombomu, hayana uganga wo wote, ni maji ya kisima tu; na kwa sababu fundi mmoja alifahamu tabia ya maji na joto, bombomu ile haikuchoka upesi. Vita ile iliendelea hata mwaka wa 1907, na Wajerumani walichoma vyakula na mashamba mpaka njaa ikaua wengi kupita risasi. Wanahistoria wa siku hizi hukadiri waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Baada ya mambo kama hayo watu wengi waliiona bombomu kuwa kama shetani asiyechoka. Haikuwa hivyo. Ilikuwa chombo cha chuma chenye kiu, chenye kuzeeka, chenye kutaka kupumzishwa. Aliyejua hivyo hakuiabudu, wala hakuidharau.

7. Vita Kuu na mabega ya wapagazi

Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, mapigano ya Ulaya yalikula mitutu kama nyuzi za kushonea. Hapa Afrika ya Mashariki taabu ilikuwa nyingine. Askari wengi wa Wajerumani walianza vita wakiwa na bunduki za mwaka wa 1871 za baruti nyeusi, na wingu la moshi liliwaonyesha kwa adui. Bombomu zilikuwapo pande zote mbili, nazo katika mapori ya nchi hii zilikuwa na shida ya uzito na shida ya maji.

Bombomu ya Vickers pamoja na maji yake ilikuwa na uzito wa ratili 40 hivi. Miguu yake mitatu ya kusimamia ilikuwa na ratili 50 hivi. Tena kulikuwa na masanduku ya viasi, na debe, na maji ya akiba. Magari hayakupita, na punda na farasi walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu. Katika nyika kavu iliyo kati ya Voi na Taveta, ambako majeshi yalipigana mwaka wa 1914 hata 1916, kila tone la maji liliwataka watu, na wanyama, na bombomu pia.

Watu hao waliochukua mizigo waliandikwa katika Carrier Corps, na jina hilo likabaki midomoni mwa watu mpaka leo: Kariakoo katika Dar es Salaam, na Kariokor katika Nairobi. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa na uchovu, hukaribia 100,000. Tusomapo katika vitabu kwamba bombomu fulani ilifanya kazi hivi na hivi mahali fulani, tukumbuke kwamba haikufika pale kwa miguu yake mitatu.

8. Hewa mahali pa maji

Kwa sababu ya shida hizo, mafundi walitafuta njia ya kupoza mtutu pasipo maji. Mmarekani Isaac Lewis mwaka wa 1911 alitengeneza bombomu nyepesi, ambayo mtutu wake ulivikwa mbavu nyembamba za alumini ndani ya bomba. Alumini hupitisha joto upesi, na mbavu nyingi hugusa hewa nyingi. Wafaransa nao, katika bombomu ya Hotchkiss, waliuzungushia mtutu pete pana za chuma kwa kusudi lile lile. Mtu mwenye homa akivuliwa blanketi hupoa kwa hewa. Ndiyo hekima yake.

Lakini hewa haina nguvu ya maji. Kwa hiyo ilikuja njia ya tatu: kubadili mtutu wenyewe. Bombomu ya Bren, iliyotokana na kazi ya mafundi wa mji wa Brno katika Chekoslovakia na kiwanda cha Enfield, na kuenea katika jeshi la Uingereza tangu mwaka wa 1938, ilikuwa na mtutu utokao kwa kugeuza kishikizo kimoja. Mtutu wenyewe una mkono wake, ili askari asiungue. Mmoja ukipata moto, hutolewa na kuwekwa kando upoe, na wa pili huingizwa kwa muda wa sekunde chache. Hii ni hekima ya Gatling, ila wapagazi ni wawili badala ya sita. Askari wa King's African Rifles waliitumia Bren katika Uhabeshi mwaka wa 1941, na katika misitu ya Burma mwaka wa 1944, nao waliifahamu kazi hii barabara. Vickers ya maji yenyewe iliendelea katika jeshi la Uingereza hata mwaka wa 1968, ndipo ikastaafu.

9. Mafunzo kwa mwenye bunduki

Mwenye bunduki kwa ruhusa ya serikali, akiwa mwindaji au mlinzi wa mashamba, hana koti la maji wala mtutu wa pili. Lakini aweza kufuata mambo machache yaliyothibitishwa na historia hii yote.

Kwanza, apige polepole. Risasi kumi zilizopigwa kwa nusu saa huudhuru mtutu kidogo sana kuliko kumi zilizopigwa kwa dakika moja. Pili, akimaliza kupiga, auache mtambo wazi bila kiasi ndani, mtutu uelekee mahali salama, hewa ipite. Tatu, asikiache kiasi ndani ya mtutu ulio moto. Nne, asimwagie mtutu wa moto maji baridi. Mhunzi akitosa jembe la moto ndani ya maji, hufanya hivyo kwa kusudi na kwa kipimo. Asiyejua kipimo hupindisha chuma au kukitia ufa. Maji ya Maxim yaliuzunguka mtutu tangu mwanzo, kabla haujapata moto; hayakuja ghafula. Tano, mtutu ukiisha kupoa, ausafishe na kuupaka mafuta. Viasi vingi vya zamani vilikuwa na fataki yenye kuacha chumvi, nayo chumvi hula chuma usiku kucha, hasa pwani. Chumvi hiyo haiondoki kwa mafuta peke yake. Yataka maji ya moto kwanza, kisha kitambaa kikavu, ndipo mafuta.

Mambo haya yote yaja kwa neno moja: joto ni deni. Kila mshindo huacha deni kidogo ndani ya chuma, na deni hilo hulipwa kwa maji, au kwa hewa, au kwa kupumzika. Lisipolipwa hivyo, mtutu wenyewe hulipa. Na katika nchi zetu, mara nyingi waliolipa walikuwa watu ambao hawakuishika bunduki ile kabisa: mpagazi aliyechukua debe la maji huku ana kiu, na mkulima aliyeuendea mtutu asioujua. Basi tusome, tufahamu vyombo jinsi vilivyo, na tuwafundishe watoto wetu, ili chombo cho chote kisije kikatutisha kama mzimu, wala kutudanganya kama mchezo.